USIWE SHABIKI WA MCHUNGAJI

Neno la leo ni refu kidogo. Mimina chai, ukae.

Nataka tuzungumze juu ya mashabiki wa mugithi.

Najua kuna mama mmoja wa maombi ameshashtuka. Tulia, mama. Nisome mpaka mwisho.

Kila Jumapili asubuhi, wakati sisi tunapanga viti na kujaribu spika, kuna mazungumzo mengine yanaendelea mtandaoni. Ni ya watu waliokesha kwenye mugithi Jumamosi. Wengine walitoka Mwea, wengine Karatina, wengine Embu, wakalipa nauli na kiingilio, na sasa wanasimuliana. Mwimbaji alifika saa ngapi. Alianza na wimbo gani. Gitaa lilikuwa limekazwa sawasawa au lilikuwa likipiga kelele. Aliimba kwa muda gani kabla ya kwenda kupumzika. Na yule aliyeko Boston au Dallas anauliza, "Na ule wimbo wangu aliuimba?" Maana siku hizi akina Samidoh hupanda ndege wakaenda kuwaimbia watu wetu huko ughaibuni, kwa hiyo shabiki wa Marekani na shabiki wa Kerugoya wanalinganisha usiku wao kama majirani.

Nimeyasoma mazungumzo hayo kwa makini, kwa sababu baadhi ya wanaoyaandika ni watoto wa kanisa hili. Na nimeona mambo mawili. La kwanza ni la kujifunza. La pili ni la kuogopa.

JAMBO LA KWANZA: WANAUJUA WIMBO WA ASILI

Kwa asiyefahamu, mugithi kwa Kikuyu ni treni. Wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja ameshika kiuno cha aliye mbele yake, wakazunguka ukumbi kama mabehewa. Mbele yao yuko mtu mmoja na gitaa lake. Na mtu huyo, sehemu kubwa ya usiku, haimbi nyimbo zake mwenyewe. Anaimba za waliomtangulia. Anaimba za Joseph Kamaru, za D.K., za Queen Jane, za John De'Mathew.

Sasa sikiliza jambo hili. Shabiki wa kweli hamwachi mwimbaji aseme chochote anachotaka. Mmoja anaandika kwamba ubeti wa pili ulirukwa. Mwingine anajibu, hapana, haukurukwa, ulibadilishwa, na maneno yaliyotiwa pale si ya Kamaru. Wa tatu anatafuta rekodi ya zamani, anaituma, watu wanasikiliza, ubishi unaisha. Kamaru alifariki Oktoba 2018, lakini rekodi zake zipo. Hata mjukuu wake, aliyepewa jina la babu kama desturi yetu ilivyo, na ambaye ni mwanamuziki anayejulikana duniani kama KMRU, amekuwa akizitoa upya mtandaoni. Kwa hiyo hakuna kijana wa gitaa anayeweza kusimama Kerugoya usiku akamsingizia Kamaru maneno ambayo Kamaru hakuyasema. Mashabiki watamkamata kabla ya asubuhi. Na bado wanampenda! Jumamosi ijayo watarudi. Kumsahihisha hakukuwafanya wamchukie.

Mpendwa, mimi nami kila Jumapili nasimama mbele yako na wimbo ambao si wangu. Neno hili sikulitunga. Nililikuta. Kazi yangu ni kulileta kwako kama lilivyo. Swali langu kwako ni hili: nikiruka ubeti, utajua? Nikiongeza maneno yangu na kukuambia kwamba ni ya Bwana, utanikamata?

Fungua Matendo 17:11. Sitaunakili mstari hapa, na nina sababu, utaiona. Utawakuta watu wa Beroya. Aliyewahubiria ni Paulo, mtume aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya. Walimpokea kwa moyo, halafu wakarudi kwenye Maandiko kila siku kuhakikisha kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Luka anayeandika hawaiti waasi. Hasemi wana roho ya ubishi. Anawasifu. Kama Paulo alichunguzwa na kuchunguzwa kwake kukahesabiwa kuwa uungwana, mimi mchungaji wa Kerugoya ni nani nisichunguzwe?

Sasa tazama kikundi chetu cha WhatsApp baada ya ibada. Nawapenda, kwa hiyo nitasema. "Moto!" "Neno zito sana, Pasta." "Leo mbingu zilifunguka." Kisha mikono ya maombi ishirini na mioto thelathini. Ukimuuliza mtu Jumanne tulisoma kitabu gani, anakuambia, "Pasta, ilikuwa nzuri." Nzuri ilisema nini? Kimya. Mlevi aliyetoka kwenye mugithi saa kumi alfajiri anakumbuka mpangilio wa nyimbo. Mtakatifu aliyelala mapema, akaoga, akaja na Biblia, hakumbuki mlango wala mstari.

Hilo linanihuzunisha, na linapaswa kukuhuzunisha wewe pia.

"LAKINI PASTA, USIMGUSE MPAKWA MAFUTA"

Kila nikifundisha jambo hili, kuna mtu ananitumia Zaburi 105:15. Ameambiwa kwamba kumuuliza mchungaji swali ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Basi tusome Zaburi hiyo kuanzia mstari wa 12, tusidandie mstari mmoja kama boda boda.

Zaburi hiyo inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama kutoka taifa moja hadi jingine. Waliokemewa pale ni wafalme, kwa sababu walikuwa na nguvu ya kuwadhulumu. Waliolindwa ni wasafiri wasio na ardhi. Kwa maneno mengine, mstari huo uliandikwa kuwazuia wakubwa wasiwaonee wadogo. Leo umegeuzwa kuwa ngao ya wakubwa wanapowaonea wadogo. Nakuuliza, huo si wimbo uliobadilishwa maneno?

Na Daudi, aliyekataa kuunyosha mkono wake juu ya Sauli? Kweli alikataa. Lakini endelea kusoma 1 Samweli 24. Alitoka pangoni akamwita mfalme kwa sauti, akamweleza kosa lake. Hakumdhuru wala hakunyamaza. Paulo naye alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, soma Wagalatia 2:11. Petro hakuanguka akafa. Paulo hakupigwa na laana. Kanisa lilipona.

Kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Kwa sababu ya Shakahola.

Msitu huo uko Kilifi, mbali na mlima wetu, lakini waliokwenda kule walitoka sehemu mbalimbali za nchi hii. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa kule, wakiwemo watoto. Watu walifunga mpaka wakafa, wakiamini kwamba wanakwenda kukutana na Yesu. Kesi ni ya mahakama, mimi si hakimu. Lakini kuna jambo ambalo halingoji hukumu. Katika kundi lile walikuwemo watu wenye Biblia mikononi. Biblia hiyo hiyo inasema Yesu alipomfufua binti wa Yairo aliagiza mtoto apewe chakula. Marko 5:43. Mtoto apewe chakula! Huo ndio wimbo wa asili. Mahali ambapo kuuliza kumeitwa uasi, hata mstari mfupi kama huo hauwezi kusikika tena.

Usiseme, "Sisi wa Kerugoya hatuwezi." Hakuna mtu anayeanza na msitu. Mtu anaanza na kitu kidogo. Anaambiwa asichukue tena dawa za presha kwa kuwa ameombewa. Anaambiwa auze ng'ombe apande mbegu, Mungu atamrudishia kabla ya Krismasi. Anaambiwa amwache mumewe kwa sababu kuna ndoto imeota na mtu mwingine. Kila mara anasema "Amina," na kila mara Amina inakuwa nyepesi zaidi. Kufika siku ya kitu kikubwa, swali limeshakufa ndani yake.

JAMBO LA PILI: SHABIKI HURUDI NYUMBANI VILE VILE

Hapa ndipo ninaogopa. Shabiki anajua wimbo wote, lakini wimbo haumdai kitu. Ataimba machozi yakimtoka wimbo wa kumheshimu mama, na mama yake yuko Baricho tangu Pasaka hajapigiwa simu.

Soma Ezekieli 33:30 hadi 32. Nakuhakikishia, ni kama nabii alikuwa anasoma simu yako. Watu wa Israeli walikuwa wakimzungumzia Ezekieli kando ya kuta na milangoni mwa nyumba zao. Waliambiana, twendeni tukasikie neno limetoka gani leo. Walikuja kwa wingi, wakaketi vizuri mbele yake. Na Mungu akamwambia Ezekieli siri ambayo sidhani kama alifurahi kuisikia: kwa watu hawa wewe ni mwimbaji tu, mwenye sauti nzuri na mkono mzuri wa kupiga chombo. Wanasikia, hawatendi.

Yaani nabii alijaza ukumbi, na hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Alikuwa na mashabiki. Kuta za wakati ule zilikuwa za mawe. Leo tunazo za Facebook.

Na shabiki ana tabia nyingine. Anampenda mwimbaji kwa sharti. Mwaka 1993 Joseph Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Huyu alikuwa mfalme wa muziki wa Kikuyu. Alivunja bendi yake, akaanza kuimba injili. Je, umati uliompenda ulimfuata mpaka kwa Yesu? Kanda zake za injili hazikuuzwa kama zile za zamani. Watu walikuwa wanautaka ule wimbo wao. Simhukumu Kamaru wala siwahukumu wao, wote walikuwa katika biashara ya muziki na muziki una soko lake. Nasema tu, shabiki ndivyo alivyo. Anakupenda mpaka siku utakapobadilisha wimbo.

Kule Listra ilikuwa mbaya zaidi. Matendo 14. Watu wanamletea Paulo ng'ombe wamtolee dhabihu kama mungu, naye anararua nguo zake kwa uchungu. Ukishuka mistari michache tu, anapigwa mawe na kuburutwa nje ya mji. Ni mji ule ule.

Ndiyo maana nakuambia ushabiki unaharibu pande mbili. Unamharibu anayesikia, kwa sababu hatendi. Na unamharibu anayehubiri, kwa sababu anaanza kutafuta makofi. Sisi wa mlimani hatugemi minazi, lakini methali hii tulifundishwa sote shuleni: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mkinisifu kila Jumapili bila kupima, mtanifundisha kutia maji. Nitajua ni mahubiri gani yanaleta mioto thelathini na ni yapi yanaleta kimya. Toba italeta kimya. Kulipa deni la jirani kutaleta kimya. Kumlipa mchuma chai wako haki yake kutaleta kimya. Gari jipya litaleta mioto. Baada ya miaka miwili ya namna hiyo, Paulo anatuonya katika 2 Timotheo 4:3, mtakuwa na mwalimu wa masikio yenu, na mimi nitakuwa mwimbaji wenu wa mugithi, bila gitaa.

SASA TUFANYE NINI?

Biblia haikuwaita watu wa Yesu mashabiki. Inawaita wanafunzi. Na mwanafunzi sote tunamjua. Ana daftari. Anauliza swali. Anapewa kazi ya kufanya nyumbani, na siku ya pili anaulizwa ameifanya. Shabiki anahitaji tiketi tu.

Kwa hiyo kuanzia wiki hii:

1. Njoo na Biblia na kalamu. Nikitaja mstari, ufungue. Soma na ulio juu yake na ulio chini yake. Usipouona ninachokisema, weka alama.

2. Ibada ya Jumatano, dakika ishirini za mwisho ni za maswali juu ya mahubiri ya Jumapili. Cucu aulize, kijana aulize, mtoto wa shule aulize. Hakuna atakayeambiwa ana roho ya uasi. Swali nisilolijua nitakwenda kulisoma na kurudi nalo.

3. Kwenye kikundi cha WhatsApp, ukitaka kutuma moto, tuma. Lakini chini ya moto andika mambo mawili: tulisoma wapi, na wewe utafanya nini kabla ya Jumamosi. "Nitampigia mama." "Nitarudisha jembe la watu." Hiyo ndiyo Amina ninayoitaka.

4. Mtu yeyote, awe mimi au mgeni niliyemwalika au nabii wa kwenye simu, akikuambia kwamba Bwana amesema uache dawa, uuze shamba, uondoe mtoto shuleni au uvunje nyumba yako, simama hapo hapo. Nenda kwa daktari wako. Kaa na wazee wa kanisa. Soma. Omba. Neno la kweli la Mungu halitaharibika kwa kupimwa. Dhahabu haiogopi moto.

Na wewe kijana uliyekuwa unangoja niseme kama mugithi ni dhambi, sikukusahau. Usichukue andiko hili kuwa ruhusa. Nimekaa na wake waliongoja mlango ufunguliwe mpaka asubuhi, na watoto ambao karo yao ilimiminwa kwenye glasi. Usiku ule una gharama, nawe unaijua. Lakini sitakudanganya pia kwamba kila kilichoimbwa na mtu wa dunia ni uongo. Kamaru aliimba juu ya mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake, na walimu wakakasirika. Mwaka 1975, J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru aliimba wakati wengi waliogopa hata kunong'ona. Kama mtu wa gitaa aliweza kumwambia mwenye nguvu ukweli, mtu wa madhabahu ana udhuru gani? Na kama wewe una sikio la kutambua ubeti uliorukwa saa nane za usiku katikati ya kelele, Mungu ana kazi na sikio hilo. Lilete kanisani. Ninalihitaji. Nikikosea ubeti, nataka uwe umekaa pale mbele.

TUOMBE

Baba, tuondolee ushabiki, utupe uanafunzi. Wape watu wako ujasiri wa kuuliza na unyenyekevu wa kutenda. Nipe mimi moyo wa kusahihishwa na watu wako, hata na mtoto. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Shakahola. Mlinde kila mtu ambaye usiku huu ameambiwa aache dawa yake. Katika jina la Yesu.

Kwa kawaida hapa ningekuambia uandike AMINA. Leo usiandike bado. Nimekutajia mistari mingi na sikukunakilia hata mmoja, kwa makusudi. Fungua Biblia yako. Anza na Ezekieli 33, halafu Matendo 17, halafu Zaburi 105. Ukikuta nimesema sawa, rudi uandike Amina. Ukikuta nimeongeza neno langu mahali fulani, andika hapo chini ni mstari gani, watu wote waone, nami nitakujibu.

Mchungaji wako, Kerugoya.